Ambilikile Alivyomchezea Baba Angani

Kaka yangu Ambilikile alikuwa na miguu ya kucheza kuliko mwanaume yeyote wa kijiji chetu cha Bujonde, kisha akaenda kuchagua kazi ya kukaa kitako. Nikimwambia hivyo alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. "Mdogo wangu Keziya, ungejua mtu anavyofanywa akiwa amekaa kitako kile, ungeninyamazia." Nami namjibu kwamba mtu mzima anayefungwa mikanda mabegani na kiunoni, halafu anapinduliwa kichwa chini miguu juu, asitafute heshima kwangu. Ndivyo tulivyokuwa tukitaniana. Siku hizi simtanii tena, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza.

Lazima nianze na baba. Baba yetu, Yakobo, alikuwa mkulima wa mpunga na kakao, mtu wa kanisani, wa benchi la mbele. Alikuwa pia mchezaji wa ngoma ya msiba ambaye watu walimfuata kutoka Talatala, hata kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, waliko wakwe zetu. Kwetu mtu akishazikwa, na mchungaji akishafunga Biblia yake na kuondoka na baiskeli akijifanya hajui kinachofuata, ngoma hutolewa. Wanaume hucheza kandokando ya kaburi bichi. Tunaita ukukina, na hakuna furaha ndani yake. Mtu anakimbia, anaruka, anakita mguu mpaka udongo unawarukia waliosimama karibu, anaelekeza fimbo yake kwenye migomba kana kwamba kifo kimejificha humo naye amekitambua. Anayetangulia uwanjani ni mtoto wa kwanza wa kiume wa marehemu. Na huchezwa siku hiyohiyo, udongo ukiwa mbichi. Kesho yake umechelewa, kaa na wenzako unywe chai.

Ambilikile ndiye alikuwa mtoto wa kwanza kwetu. Baba alimfundisha nyuma ya nyumba, jioni baada ya shamba, na sisi wadogo, mimi na Lameck, tukichungulia. Lameck naye alijaribu, lakini miguu yake haikusikilizana, mmoja ulikuwa unakwenda Kyela mjini na mwingine unakwenda ziwani. Baba hakumfokea, alimtuma kuni. Ambilikile alikuwa anatua na kuruka kwa wakati wake, hakosei. Siku moja tukila wali, baba alimwambia mbele yetu wote, "Siku yangu ikifika, wewe ndiwe utanichezea." Ambilikile, mdomo umejaa, akaitikia, "Ee, tata," yaani ndiyo, baba. Mama yetu, Angetile, alimwambia baba aache kuleta misiba mezani, nasi tukaendelea kula.

Basi akasoma, akaingia jeshini, na huko jeshini wakampima macho na moyo wakaona hana kasoro. Wakampeleka nje ya nchi miaka mingi. Alirudi rubani wa ndege za kivita, mrefu, amenyooka, anaongea polepole. Kijiji kizima kilikuja kumtazama. Baba alimhoji kwa siku mbili.

"Hiyo ndege yako inabeba watu wangapi?"

"Mimi peke yangu, tata."

"Na mzigo?"

"Haina mzigo."

"Haina mtu, haina mzigo. Sasa inakwenda kufanya nini?"

Ambilikile akamweleza kwamba kikosi chao kina mashindano kila mwaka. Marubani wanapaa mmoja mmoja juu ya uwanja, wakubwa wamekaa kwenye viti chini wanatazama. Kila rubani anaonyesha michezo yake. Kuna kitanzi: ndege inapanda, inalala chali juu kabisa, inashuka na kurudi palepale ilipoanzia. Kuna kuviringika: inakwenda mbele huku inajigeuza, ubavu, chali, ubavu, hadi inakaa sawa tena. Kuna kupanda wima mpaka nguvu iishe, ndege isimame angani bila kwenda popote, kisha igeuke kwa bawa moja na kuanguka pua chini. Anayeshinda ndiye anayeruka peke yake kwenye sherehe kubwa za taifa. Yeye alikuwa ameshinda mara mbili.

Baba akasema, "Kumbe unacheza." Nilimwona Ambilikile machozi yanamlengalenga, maana alikuwa amehangaika siku mbili kulitafuta neno hilo.

Mimi nilimbana zaidi, maana nilikuwa na wivu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijawahi kupanda hata ghorofa. Nikamwuliza, unasikiaje? Alikunja kiganja chake akakipandisha taratibu mbele ya uso wangu. Alisema unapovuta usukani ili kupanda, mwili wako unakuwa mzito, mkono tu kuunyanyua ni kazi. Damu inatoka kichwani inakimbilia miguuni. Kwanza rangi zinatoka machoni, kila kitu kijivu, halafu unaona kwa tundu dogo tu la katikati. Unakaza tumbo, unakaza mapaja, unapumua kwa kukoroma. Ukilegea umelala, na ukilala ndege haikusubiri. "Halafu unafika juu," alisema, na kiganja chake kikalala chali. "Uzito wote unaondoka. Dunia iko juu ya kichwa chako, mashamba yote, mito yote. Pale, Keziya, ndipo najiona mtu." Nilimwambia atafute mke. Akatafuta, akaoa Morogoro, lakini macho yake yalibaki yaleyale.

Baba alifariki Aprili ya mwaka themanini na saba. Kama unaijua Kyela unaijua Aprili yake. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka vyura wanaingia jikoni, na barabara ya kutoka Tukuyu ilikuwa imekatika. Baba aliugua kifua siku chache tu. Lameck alitembea kwa miguu mpaka posta ya mjini akapiga simu ya maandishi: baba hatunaye, tunazika kesho mchana. Kwa joto la kwetu huwezi kumweka mtu.

Mengine Ambilikile alikuja kunieleza baadaye. Wiki ile kikosi chao kilikuwa kimehamia kwenye uwanja mmoja wa nyanda za juu, na mashindano yalikuwa kesho yake, mchana uleule. Mkubwa wake alimsomea ile simu kwa upole, akampa pole, akampa ruhusa na gari. Lakini gari lingemfikisha Tukuyu tu, na kutoka hapo angeteremka kwa miguu kwenye matope, afike siku ya pili baada ya mazishi. Hakuna wa kulaumiwa. Nimemtafuta miaka yote hii, nikimpata nitamwambia. Ambilikile alipiga hesabu hiyo usiku kucha. Asubuhi akamwambia mkubwa wake kwamba atashindana kwanza.

Ananiapia kwamba hakupanga. Mimi naamini nusu. Alipaa, akafanya kitanzi cha kwanza mbele ya wakubwa, kizuri, anasema, kuliko vyote alivyowahi kufanya. Pale juu, akiwa chali, mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa kusini, akaiona milima ya Livingstone, na chini yake ziwa letu. Hakumalizia kushuka. Aliigeuza ndege ikakaa sawa, akaielekeza kusini, akazima redio. Wakubwa wakabaki kwenye viti vyao wamenyoosha shingo, hakuna kitu.

Sisi Bujonde tulikuwa tumeshamzika baba. Mchungaji amekwenda. Ngoma zimekazwa kwa moto, zimeanza kulia taratibu, zinaita. Wanaume wamekaa upande mmoja, wanawake tuliobaki nje upande mwingine, na uwanja katikati mtupu. Baba yetu mdogo, Hezroni, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama kichwani pa kaburi na fimbo ya baba mkononi, ya kumkabidhi anayetangulia. Kila mtu alikuwa anatazama njia ya kutoka mjini. Hezroni akauliza kwa sauti, "Mtoto wa kwanza yuko wapi?" Lameck akasema simu ilipigwa, barabara imekatika. Hezroni akauliza mara ya pili, maana ndivyo inavyoulizwa. Nilikuwa nalia kwa ajili ya baba, na nilikuwa namlaani Ambilikile kwa sauti ya chini.

Tuliiona kabla ya kuisikia. Ilitokea upande wa ziwani, chini kabisa, juu kidogo ya michikichi, nyeupe, imenyamaza kabisa. Nilikuwa na muda wa kufikiri tu kwamba ni kubwa. Halafu ikawa imeshapita, na nyuma yake ukaja mlio. Sijui niuseme vipi. Uliingia kwenye meno. Watu wote walikwenda chini, mmoja juu ya mwingine, nguo za msiba kwenye matope. Vyungu vya wafinyanzi wa Ikombe vilivyokuwa vimepangwa na chakula vilipasuka kwa kukanyagwa. Ng'ombe wawili walioletwa na wakwe walikata kamba, tuliwapata kesho yake Talatala. Mtu mmoja akapiga kelele, "Wamalawi wametuvamia!" na wakwe zetu wa ng'ambo, wamelala kwenye matope yaleyale, wakajibu, "Wametuvamiaje na sisi tupo hapa?"

Ilipanda. Niliinua kichwa nikaiona inapanda wima juu ya shamba letu, inazidi kupungua, mpaka ikasimama. Nakuambia ilisimama. Nilihesabu moyo wangu umepiga na yenyewe bado imesimama. Kisha ikageuka kwa bawa moja, ikaanguka pua chini kuja kwetu, na wakati huo nilikuwa nimeshasimama, kwa sababu nilikuwa nimemjua. Hakuna mtu mwingine duniani anayetua kwa wakati ule. Nilimwona baba nyuma ya nyumba jioni zile, na Ambilikile akiwa mtoto, mguu unakitwa. Ndege iliinuka karibu na migomba, majani yakalala yote, ikaviringika, ubavu, chali, ubavu, sawa, na kila kituo kilikuwa mguu mmoja. Ikapanda tena ikafanya kitanzi, ikafanya kingine ndani ya kile cha kwanza. Alikuwa anakifukuza kifo juu ya migomba yetu kama alivyofundishwa. Niliinua mikono yote miwili nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote. Nililia kwa furaha kwenye msiba wa baba yangu, Mungu anajua.

Alipita mara ya mwisho juu ya kaburi, mabawa yakainama huku na huku, akaondoka upande wa milimani. Mlio ulimfuata mpaka ukaisha. Tulisikia tu kuku na watoto wanaolia.

Nilikimbia kwa Hezroni. Nikamwambia, "Baba mdogo, ni yeye! Ni Ambilikile, amemchezea baba!" Hezroni alikuwa anajifuta matope usoni. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo, alimpenda baba kuliko nafsi yake. Alitazama uwanja, akatazama kaburi. Udongo ulikuwa vilevile, hakuna alama ya unyayo.

"Alikita mguu wapi?" aliniuliza.

"Baba mdogo, umeona mwenyewe."

"Nimeona ndege. Mimi naulizia mguu." Akawageukia wazee, nao wakatikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine. "Mtoto wa kwanza hakuja," akasema, na akampa Lameck fimbo. Lameck alicheza akilia, miguu yake haisikilizani, na hakuna aliyecheka. Toka siku hiyo imehesabiwa kwamba Yakobo alichezewa na mtoto wa pili.

Ambilikile alirudi kwenye uwanja wa ndege mafuta yameisha kabisa, ndege inazimika ikiwa bado inakimbia chini. Walikuwa wanamsubiri. Sitawalaumu, mtu akichukua ndege ya serikali kwenda nayo msibani lazima aulizwe. Alikaa mahabusu, wakajadiliana sana kumfukuza au kumfunga. Mwishoni walimwacha jeshini lakini wakamwondoa angani, moja kwa moja, maisha. Wakampa kazi kwenye stoo ya matairi. Kila asubuhi wenzake walikuwa wanapaa juu ya bati la stoo yake.

Aliniandikia mara moja tu katika muda ule, na hakulalamika. Aliuliza kama mama ni mzima.

Alirudi nyumbani mwaka tisini na mbili, wakati wa kupunguza watu jeshini. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu ameruhusiwa kufanya biashara. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa tena sabuni na sukari, mitumba imetandikwa mpaka barabarani, watu wanavuka Songwe na baiskeli zilizolemewa vitenge, na wanunuzi binafsi wa kakao wanakuja mpaka mlangoni wakikuita mama. Kila mtu alikuwa anakimbilia kitu. Mke wake alikuja Krismasi mbili, akayaona matope yetu na mbu wetu, Krismasi ya tatu hakuja. Ambilikile alipata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya tajiri mmoja wa mjini, iliyofungwa hapo Bujonde. Ukimtazama kutoka nje ungemwona mtu mrefu mweupe kwa pumba mpaka kwenye kope, amesimama karibu na injini, kichwa kimeinama upande. Ndege ndogo ya misheni ikipita kwenda Mbeya, wateja wote walikuwa wanatoka kuitazama. Yeye alikuwa anamimina mpunga.

Hilo nilikuwa namwonea huruma, lakini kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi. Kwetu mtu ambaye hakumchezea baba yake haitwi uwanjani kwenye misiba ya watu. Anakwenda, anatoa pole, anabeba maji, anachimba kaburi, na ngoma zikitolewa anajisogeza nyuma na wanawake na wageni. Kaka yangu, mwenye miguu ile, nilimwona mara nyingi amesimama nyuma ya wanakijiji wenzake, mikono mgongoni, vijana wanacheza hovyo mbele yake. Alikuwa amekatazwa juu, amekatazwa na chini. Nilikwenda kwa Hezroni nikamfokea, mimi mwanamke, mbele ya wake zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akasema, "Keziya mwanangu, nikisema alicheza, kesho kila mtoto aliyeko Dar es Salaam atacheza huko huko." Alikuwa na hoja, ndiyo maana bado nina hasira.

Ambilikile mwenyewe hakuonyesha kuumia, nami nikadhani amejikaza tu. Kumbe alikuwa na kitu chake kinachomshikilia, nikaja kukijua mwaka tisini na sita, mama alipougua.

Mama alikuwa amezeeka, miguu imevimba, anapumua kwa shida. Tulimlaza chumba cha mbele ili apate hewa. Ambilikile alikuwa anakuja kutoka mashineni mchana, amejikung'uta pumba, anapiga magoti mlangoni, anamsalimu, "Ugonile, juba," yaani umelalaje, mama. Naye anaitikia, "Ndaga, mwanangu." Siku moja nilikuwa namlisha uji, naye Ambilikile amekaa kwenye kigoda. Ghafla akaanza kusema.

"Juba, nataka kukushukuru kabla hatujachelewa."

"Kwa lipi?"

"Kwa siku ile ya baba. Wakubwa walinikataa, wazee walinikataa. Lakini nilikuona. Nilipokuwa nashuka nilikuona umesimama peke yako, watu wote wamelala, umeniinulia mikono yote miwili. Nikikaa stoo kule, nikikaa hapa mashineni, nasema basi, mama aliniona. Mama alijua kwamba nimekuja. Ndaga fijo, juba, asante sana."

Niliumwaga uji kwenye shuka. Mikono ile ilikuwa yangu. Hatukuwahi kuizungumza, wala hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kudhani kwamba kutoka huko juu alikuwa amemchukua dada yake akamfanya mama. Na huyu ni Mnyakyusa, jamani! Mjane hatoki nje. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mume akizikwa, mke wake anakaa ndani, chini, kwenye majani ya migomba, na wanawake wenzake wamemzunguka, mpaka ngoma ziishe. Aliondoka hapa mdogo, miaka mingi ya kambini na nchi za watu ikamsahaulisha kitu ambacho hata mlevi hakisahau. Nilimkonyeza mama. Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo.

Mama hakuniangalia. Alikuwa amemkazia macho mwanawe, na sikuona hasira usoni mwake, ila mshangao.

"Si mimi, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa ndani."

Ambilikile akakisogeza kigoda karibu naye.

"Nilisikia mlio," mama akaendelea, polepole, maana pumzi ilikuwa inakatika. "Nilidhani ni radi. Walinifunika kichwa na kanga, wote wakanilalia. Baadaye wakaniambia ilikuwa ndege. Nikasema sawa." Akapumzika. "Mimi nilikuwa nakungoja wewe. Nilikaa kule mwisho, natazama mlango. Kila mwanaume aliyeziba mwanga pale mlangoni, nilisema moyoni, huyu ni Ambilikile amefika. Alikuwa Lameck. Alikuwa Hezroni. Nilingoja mpaka usiku."

"Nilicheza, juba," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Nimeambiwa. Wanasema ulicheza vizuri." Akanyoosha mkono, akamfuta pumba kwenye nyusi. "Mimi ngoma sikuihitaji, mwanangu. Nilitaka uingie."

Nilimchukia mama saa ile. Nasema wazi. Nilijiuliza ingempunguzia nini kusema ndiyo. Leo sijui tena. Huenda mtu aliye karibu kuondoka hana nafasi ya kubeba uongo, hata ule mzuri. Ambilikile alikaa mpaka mama akasinzia, akasimama, akarudi mashineni, na jioni ile wateja walimkuta amezima injini amekaa juu ya magunia. Nilimfuata nikamwambia kwamba mikono ilikuwa yangu, kwamba mimi nilimwona, nilijua ni yeye kabla ya wote, na nililia. Alinishika bega. "Ahsante, mdogo wangu," akasema. Kwa namna alivyosema nilijua kwamba maneno yangu hayamfikii.

Mama alifariki mwezi wa saba, wakati wa jua, barabara kavu. Watu walikuja wengi, na wakwe kutoka Malawi. Tulimzika karibu na baba. Mchungaji alifunga Biblia yake akapanda baiskeli. Ngoma zikaanza.

Hapo Hezroni alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa mzee sana sasa, anashikwa mkono. Alisimama kichwani pa kaburi na fimbo ya baba, na hakuuliza mtoto wa kwanza yuko wapi. Alimwita kwa jina. "Ambilikile, mwana wa Yakobo, njoo umchezee mama yako." Kila mmoja alielewa anachopewa. Udongo mbichi huu hapa, miguu hii hapa, akiingia uwanjani leo hesabu ya zamani imefutwa, ataitwa kwenye kila msiba mpaka afe. Lameck alimsukuma kidogo mgongoni. "Nenda, kaka," alimwambia, akilia. "Nenda, unitue mzigo huu." Mimi nilikuwa nimetoka ndani kwenda kuchota maji, nikasimama na ndoo.

Ambilikile alikwenda mpaka kwa Hezroni. Aliinama, akaishika fimbo kwa mikono miwili, akaitazama, akamrudishia. Sikusikia alichomwambia. Kisha akageuka, akaupita uwanja mtupu, akawapita wanaume waliokaa, ngoma zinamwita mgongoni, akaja kwenye nyumba. Aliinama kwa sababu ya urefu wake, akaingia mlangoni.

Niliacha ndoo nikamfuata. Ndani kulikuwa na wanawake tu, chini, kwenye majani ya migomba, na hakuna mwanaume anayekaa humo. Walimtazama, hawakujua wafanye nini. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Siku ile ya baba, mama alikaa wapi?" Nikamwonyesha, kule mwisho, kwenye kona. Wanawake wakasogea. Akaketi palepale, magoti yamekunjwa mpaka kifuani, akageuza uso kuelekea mlangoni.

Nilikaa karibu naye. Huko nje Lameck alikuwa ameshaingia uwanjani, tulisikia watu wanampigia kelele za kumtia moyo. Kutoka kwenye kona ile huoni uwanja, huoni migomba, na mbingu huioni hata kidogo. Unaona mlango, na miguu ya watu wanaopita.

"Kweli," Ambilikile akasema, "asingeniona."